Kadi ya Mwanawema

Unguja, 4 Aprili

Dada Moza,

Salamu zitakuja nikishapoa. Leo asubuhi mkubwa wangu wa kazi kaniita chumbani kwake akanionyesha picha. Ni wewe, katikati ya uwanja wa Tibirinzi huko Pemba, kiberiti mkononi, na mbele yako kadi tatu za afya zinawaka: yako, ya Nassor mumeo, na ya mama. Nyuma yako watu wanapiga makofi. Akaniuliza, "Huyu si ndugu yako?" Nikasema ndiye.

Yako choma. Ya Nassor choma, mwenyewe yuko Mombasa. Lakini ya mama ulimwuliza? Mama ana sukari, na kile kidonda cha kidole gumba hakijafunga tangu Rajabu. Kadi ile ndiyo sindano yake, ndiyo bendeji yake, na likifika la kufika ndiyo kitanda chake katika hospitali mpya, bila ya kutoa hata senti. Umechoma dawa ya mama ili upigiwe makofi.

Baba umemsahau? Nilikuwa na miaka kumi na tatu, nimekaa naye kwenye benchi la mapokezi, tumbo limemvimba, na karani anasema lipieni kwanza. Wewe ulikuwa umekwenda kuuza mikarafuu. Uliporudi na pesa alikuwa ameshafunikwa shuka. Huyu Rais ndiye wa kwanza kusimama hadharani akasema hakuna tena mtu wa visiwa hivi atakayekufa akisubiri risiti. Mwiteni mshamba, mwiteni mcheza ngoma, mimi nitampigia kura mpaka niingie kaburini.

Nenda kwa sheha wenu, Mmanga, umwombee mama kadi nyingine. Barua ya sheha ikifika hapa Ofisi ya Kadi, mwenye kutia muhuri ni mimi.

Mdogo wako,
Khairiya


Wawi, mwezi 6 Mfungo Tatu

Khairiya,

Wa alaykum salaam, ingawa hukuitoa.

Umenikumbusha baba, na mimi nikukumbushe Nassor. Wiki ile ya uchaguzi vijana wa chama chenu walimvizia anatoka kuswali alfajiri wakampiga mpaka sikio la kulia likafa. Siku ya tatu yake nikakuona kwenye televisheni ya jirani, umesimama nyuma ya Rais, umejifunga khanga yenye sura yake, unacheka mpaka jino la mwisho. Shemeji yako yuko kwenye mashua anakimbilia Mombasa na pamba sikioni. Barua ya pole mpaka leo naingoja.

Huyo mzee wenu alikuja kuizindua hospitali. Akanywa uji wa mgonjwa mbele ya kamera, akatoka machozi. Kisha akamwuliza daktari kwa nini kuna mtu amelala chini. Daktari akamjibu kweli, vitanda havitoshi. Akamfukuza kazi pale pale, na watu wakashangilia. Kesho yake lori likaleta vitanda ishirini. Aliyekwenda ni daktari pekee aliyejua kukata mguu na mtu akaishi. Hayo ndiyo mageuzi yenu ya afya, magodoro mapya na hakuna wa kukutibu juu yake.

Na ile kadi, niambie wewe uliyesoma, kwa nini ina picha yake? Panadoli haifanyi kazi mpaka ione sura ya mtu?

Mama hakuitaka kadi hiyo. Mama hataki hata kusikia jina lako. Nikimsomea barua zako hugeukia ukutani. Kidonda namwosha kwa maji ya mwarobaini na kinafunga. Kwa Mmanga siendi. Mwaka wa pili huu tumelisusia duka lake, hatununui hata chumvi, na leo mimi nikapige hodi?

Dada yako mkubwa, usisahau,
Moza


Unguja, 25 Aprili

Dada Moza,

Unaandika tarehe za Kiislamu, za Mfungo Tatu, kama kwamba Aprili nayo imejiunga na chama chetu. Haya, Idi njema.

La Nassor sikulifanya mimi. Kama nilicheka kwenye televisheni ni kwa sababu nilikuwa na furaha, na furaha yangu sikuombi ruhusa.

Tuzungumze la mama. Fomu yake nimeijaza mwenyewe. Iko mezani kwangu, jina, umri, maradhi, yote. Umebaki muhuri, na muhuri uko kwenye droo ninayoiegemeza goti sasa hivi. Jumamosi ijayo kuna mkutano wa shehia. Simama mbele ya Sheha Mmanga na mbele ya hao wanaokupigia makofi, useme maneno matatu: "Nimekosa. Namshukuru Rais." Siku hiyo hiyo natia muhuri.

Usidhani ni amri ya mkubwa wangu. Mkubwa amesema niamue ninavyoona. Hili la kusimama ni langu mwenyewe. Tangu utoto wewe ndiye mwenye kusema na mimi ndiye mwenye kunyamaza. Nataka safari hii watu waniletee habari kwamba Moza binti Matano amesema asante.

Nampelekea mama khanga pea moja. Ndiyo, ina sura ya Rais. Ni nzito, itamfaa kwa baridi.

Khairiya


Wawi, mwezi 3 Mfungo Nne

Khairiya,

Khanga imefika. Moja nimefutia sakafu ya jikoni, ya pili nangoja ya kwanza ichakae.

Mkutano nilikwenda, nikakaa mstari wa mbele. Mmanga akanitazama, nikamtazama, akapangusa miwani, akafunga mkutano kwa dua. Kama ulikuwa umemwambia anitayarishie kiti cha kutubia, mpe pole.

Na ujue kwamba tawi letu la chama limekata shauri. Yeyote atakayeonekana na kadi ile, harusi yake hatuendi, karafuu zake hatuchumi, na akifiwa hatumziki. Wapo waliosita, wakasema maziko ni haki ya Muislamu. Mimi ndiye niliyesimama nikasema maziko ndiyo yanayouma, bila ya maziko shauri hili ni mchezo. Likapita. Wakanipigia makofi tena, uwaambie wapiga picha wako.

Mama mzima, anakula. Ukija Wawi vua hiyo khanga yako kwanza, na upite mlango wa uani.

Moza


Wawi, mwezi 24 Mfungo Nne

Khairiya,

Leo sina ugomvi, nina furaha na wewe nataka ikuume. Mama anatibiwa. Sindano asubuhi, sindano jioni, bendeji safi kila siku, bila ya muhuri wako na bila ya miye kusema asante kwa mtu. Goti lako liendelee kuegemea droo.

Usiniulize wapi. Ila nitakupa habari moja ukamchekeshe mzee wenu. Kadi zenu, hizo mlizozikagua na kuzipiga picha, huku Pemba zinatibu hata wafu. Mtu kazikwa tangu Mfungo Mosi, udongo wake ulishakauka, na leo yuko wodini anapimwa joto, anapewa uji, akiitwa anaitika. Mwambieni aongeze kwenye hotuba: huduma yake imefika mpaka makaburini!

Nilicheka peke yangu njia nzima kutoka mjini mpaka Wawi. Miezi mitatu sijacheka hivyo.

Moza


Unguja, 16 Juni

Dada Moza,

Sikutegemea kwamba nitakuja kukushukuru. Asante sana.

Barua yako ya wafu nimeisoma mara mbili, kisha nikaipeleka juu. Nikaagiza kwa masheha wote wa Pemba majina ya waliokufa tangu kadi zianze, nikayalinganisha na majina ya waliolazwa. Ulisema kweli. Kumi na moja! Watu kumi na mmoja wamelala juu ya vitanda vya wagonjwa wa haki, kwa majina ya marehemu, na wengi wao ni hao hao wa chama chenu wanaochoma kadi mchana na kuziazima jioni.

Jumamosi tarehe 14 wakaguzi wakaingia hospitali saa mbili asubuhi. Sikwenda mwenyewe, amri tu niliandika. Kabla ya adhuhuri wote walikuwa nje. Ripoti ninayo hapa. Wengi wametoka kwa haya, vichwa chini. Mmoja wa kitanda namba tisa, bibi mtu mzima, kashika chuma cha kitanda hataki kukiachia, ikabidi wamfungue vidole kimoja kimoja. Akapiga kelele kwamba mwanawe ni mkubwa katika Ofisi ya Kadi, mpigieni simu mwanangu. Mkaguzi kaandika pembeni, "Amedai ni mama yako." Nimecheka. Ukikaa kwenye kiti hiki mama zako wanakuwa wengi.

Rais mwenyewe ameipata habari, na nasikia jina langu limetajwa. Nimefika hapa kwa ulimi wako, dada, na sijui nikulipe nini.

Mama sijui umemficha kwa tabibu gani. Nasikia chama chenu kina daktari wake wa siri huko Madungu. Mwambie amtunze vizuri.

Khairiya


Unguja, 12 Julai

Dada Moza,

Barua yangu ya Juni hujaijibu mpaka leo. Au umekasirika kwa yale ya ukaguzi? Siasa ni siasa, na wewe ndiye uliyeanza.

Nimepandishwa cheo. Jana nimehamia chumba chenye feni, na katika kuhamisha vitu nikaiona fomu ya mama. Nikaitazama sana. Nikaona miye nimekuwa mtu gani wa kumfungia mama yangu muhuri kwenye droo. Nimetia. Hakuna kusimama, hakuna kusema asante. Kadi yake hii hapa ndani ya bahasha. Mpeleke tu, watampokea kwa jina lake mwenyewe.

Mwambie ninakuja mwezi ujao. Mwambie nitapita mlango wowote anaotaka. Na hata kama atageukia ukutani, msomee hii.

Khairiya


Wawi, mwezi 27 Mfungo Sita

Khairiya,

Mama amekufa. Alikufa mwezi 16 Mfungo Tano, siku ya nane tangu wakaguzi wako wamfungue vidole.

Kitanda namba tisa, ndiye yeye. Alilazwa kwa kadi ya Mwanawema Silima, jirani yetu wa nyuma, aliyezikwa Mfungo Mosi. Mtoto wa Mwanawema ndiye aliyenipa, akaniapisha nisimtaje. Mguu ulishaanza kunuka. Mwarobaini haukusaidia kitu, na miye nilikuwa nimechoma kadi yake, nimeapa mbele ya tawi zima, sikujua nirudi kwa mlango gani. Njiani nikamfundisha jina la kuitika. Ilibidi nimfundishe mara tatu, kila nikimwuliza alikuwa anasema Tatu, jina lake mwenyewe.

Alipangiwa kukatwa kidole Jumatatu. Jumamosi nikaenda na chai yake nikamkuta amekaa kwenye ngazi ya mbele, jua linampiga, bendeji inaburura chini. Nikampakia gari la ng'ombe. Tukafika Wawi. Ndipo akaniambia, "Khairiya kafanya hivi kwa nini? Kwani miye n'memkosea nini mwanangu?" Nilikuwa na jibu. Nilijua nani kakuandikia habari ya wafu, na kwa furaha gani. Nikamwambia sijui.

Tawi lilipopata habari kwamba alilazwa kwa kadi ya Rais, wakaja watu wawili mlangoni, wakanisomea shauri letu neno kwa neno. Maiti ilikuwa bado ukumbini. Wenu hawakuja kwa sababu mimi ndiye niliyechoma. Mwoshaji wa hapa kijijini akasema anaumwa mgongo. Tumemwosha miye na Mize, msafishaji wa wodi, aliyekuja kwa miguu kutoka mjini. Mtu wa Wawi akifa jeneza halitui, mabega ni mengi mpaka watu wanagombania. La mama lilibebwa na watu watano, na limetuliwa chini mara nne kabla ya kufika. Mmoja wa hao watano ni Sheha Mmanga. Sikuwa nimemtolea salamu mwaka mzima.

Redioni sikutangaza, makusudi. Nilitaka upitishe siku zako ukila na kucheka na kupanda cheo, na mama yumo ardhini. Mmanga alidhani unajua. Kaniambia, "Bibi mkubwa wa Unguja kashindwa hata kuja kumzika mamake?" Nikamwacha adhani, na naamini ameshawaambia wengi.

Juzi tumesoma khitma ya arobaini, wasomaji watatu. Kadi uliyoileta naitia humu ndani, irudi kwako. Jina safari hii liko sawa.

Usije kuhani msiba. Hapa hakuna wa kukupokea.

Moza


Unguja, 10 Agosti

Moza,

Nilipomaliza barua yako nilikwenda kwenye kabati. Kuna mafungu ya barua za watu wanaoomba kuhurumiwa, kila siku zinakuja, wengi wanajifanya ndugu zangu. Mwezi wa sita niliamuru zisifunguliwe mpaka ukaguzi umalizike. Ukaguzi ulimalizika, na mimi nikasahau kuzifungua. Nimekaa chini sakafuni nikazipitia moja moja mpaka nimeipata. Nyuma ya bahasha imeandikwa: Mwanawema Silima, kitanda namba tisa. Muhuri wetu wa mapokezi unasema 12 Juni. Siku mbili kabla.

Mkaguzi nilimwita nikamwuliza yule bibi alikuwa na sura gani. Hakumbuki.

Sitasema unisamehe, na wewe usiniombe. Lakini wewe umenificha kifo chake siku arobaini, na mimi sikufichi kitu. Hii hapa barua yake. Nimeisoma mara moja tu na siwezi kukaa nayo peke yangu. Isome yote, dada, mpaka chini. Wewe ndiye uliyekuwa ukiniandikia kwamba mama anageukia ukutani.

Khairiya


Hospitali, 9 Juni

Mwanangu Khairiya,

Assalaam alaykum. Miye nasema, anayeandika ni Mize, msafishaji wa huku wodini, Mungu amlipe. Jina la kwenye bahasha usilistaajabu. Mize anaogopa kuandika jengine.

N'melazwa. Mguu umeharibika, lakini usitishike, Jumatatu ijayo watanikata kidole kimoja tu na daktari kasema nitakwenda kwa miguu. Naogopa mwanangu. Sikuogopa kuwazaa nyinyi, naogopa kisu hiki. Nnataka weye uwepo, ukae huku kichwani.

Moza usimwambie kama n'mekwambia. Anaona haya. Siku aliyochoma zile kadi alirudi nyumbani akalia mpaka akatapika, kisha asubuhi akaamka mkali zaidi. Ndivyo alivyo, unamjua. Barua zako ananisomea, na kila moja namwambia irudie. Akifika kwenye maneno makali anaruka, naona macho yake yanavyoruka, nanyamaza. Hajui kusema amekosa. Weye nawe hujui. Mmelitoa wapi hili, babenu hakuwa hivi.

Khanga ulizoniletea zimefika. Moza kaniambia nisizivae nje, lakini moja kaifua kwa mikono yake kanifunikia mguu, sura ya mzee kaigeuza ndani. Nyengine naiweka chini ya mto.

Kitanda ni kizuri, godoro halijatolewa hata nailoni. Uji una sukari mpaka wanikatazia. Huyo Rais wako n'memwombea dua, kisha nikamwombea Nassor na sikio lake. Moza asijue.

Kuna maneno wodini kwamba watakuja watu kukagua. Mimi n'mewaambia wenzangu wasihofu, mwanangu yumo kwenye ofisi hiyo hiyo, hawezi kuwacha watutoe.

Njoo upesi, usingoje likizo. Ila ukija, usiniite mama mbele ya manesi, utamtia Moza matatani. Niite Bi Mwanawema. N'taitika.

Mamako